Wageni wa Agosti Mjini Nyeri

Kila Agosti, baridi ya Nyeri ikiwa haijatuachilia, vijana kutoka Uingereza na Marekani huja kujitolea. Kwao ni likizo ya kiangazi. Kwetu shule zimefungwa. Basi hupaka rangi madarasa matupu, kazi ambayo ingempa fundi wa mtaani hela za karo.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Witemere, mmoja wa wale 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Nikiombwa kuwatembeza wageni, sharti langu ni simu ikae mfukoni, bila kupiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Na shosho anayeanika nguo mlangoni pake, je, naye hana heshima yake?

Huuliza mbona kuna umaskini penye kahawa na chai tele. Ni swali zuri, nami hulijibu polepole. Kuanzia 1954 wakoloni waliwasukuma watu zaidi ya milioni moja wa Kenya ya kati kwenye vijiji vya kulindwa. Mashamba yakapimwa na kugawanywa upya wakati wanaume wengi wako kizuizini. Baadhi ya waliorudi walikuta hawana shamba, wakaishia mijini kutafuta vibarua, na wajukuu wao bado wanapanga vyumba vya mbao na mabati.

Wengine huomba kupelekwa makao ya watoto. Siwapeleki. Wengi wa watoto hao wana mzazi au jamaa aliye hai, na pesa za wageni ndizo huwaweka mbali na kwao. Mtoto humzoea mgeni kwa wiki mbili, kisha anaachwa tena. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mkakati wa 2022 umeweka miaka kumi ya kuwarudisha watoto katika familia. Anayewapenda watoto na amsaidie nyanya yao alipe kodi ya nyumba.

Mwaka mmoja alikuja muuguzi wa makamo. Alinibebea mkoba nyumba hadi nyumba, akaniacha nizungumze Kikuyu na wazee wangu, hakukatiza. Mchana ndipo akaniuliza ninakosa nini. Tulishuka pamoja duka la dawa mjini, akanunua betri za mashine ya presha na vijiti vya kupimia sukari. Jioni hiyo nilipima majirani waliokuwa wakingoja tangu mwezi uliopita.