Ukikata ua wa mnyaa, linda macho yako

JE, boma lako limezungushiwa ua wa mnyaa? Huu ni ule mmea usio na majani ya kuonekana, wenye vijiti vya kijani vilivyo mviringo kama penseli. Wakikuyu huuita kariaria.

Kwa mkulima wa sehemu kavu kama Ndabibi, mnyaa una faida nyingi. Hustahimili kiangazi, mifugo huuepuka, na tawi likichomekwa ardhini huota. Lakini vunja kijiti kimoja tu na utaona utomvu mweupe kama maziwa ukichuruzika. Utomvu huo ni sumu. Ukigusa ngozi huiwasha na unaweza kuibabua, ukimezwa huchoma mdomo na tumbo, na ukiingia machoni unaweza kukupofusha.

Wengi huumia wakati wa kupunguza ua. Panga hurusha matone usoni, au mtu hujipangusa jasho kwa mkono uliochafuka. Mwanzoni jicho huwasha tu kidogo, naye akaendelea na kazi. Baada ya saa kadhaa maumivu huzidi, jicho huvimba, hutoa machozi na kushindwa kutazama mwangaza. Hapo utomvu umekwisha kuunguza konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Wengi wanaotibiwa mapema hupona, lakini kidonda kilichopuuzwa huweza kuacha kovu na kuharibu uwezo wa kuona.

Kabla ya kukata

Kwanza teka maji safi, angalau ndoo moja, uyaweke karibu. Siku ambayo tangi ni tupu, usikate ua. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu na shati la mikono mirefu. Kata wakati upepo umetulia, na ukate tawi lililo chini ya kiwango cha uso wako. Usiuache ua urefuke hadi ulazimike kukata ukiwa umeinua kichwa. Afadhali kuupunguza kidogo mara kwa mara. Watoto wakae mbali, na matawi yaliyoanguka yasiwe vitu vyao vya kuchezea. Ukimaliza, osha mikono na panga kwa sabuni kabla ya kugusa uso.

Utomvu ukiingia jichoni

Usilifikiche. Osha mikono upesi, fungua kope kwa vidole, na umwagie jicho maji safi polepole kwa muda usiopungua dakika 15. Usitie maziwa, mafuta, dawa za miti shamba wala matone yaliyobaki nyumbani. Baadhi ya matone hayo yana dawa za steroidi, ambazo huweza kuzidisha madhara ya kidonda zikitumiwa bila kupimwa.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Ukitoka Ndabibi, elekea Naivasha. Mweleze mhudumu kwamba ni utomvu wa mnyaa, na ikiwezekana mpelekee kijiti kilichofungwa ndani ya karatasi ya plastiki. Atatia jichoni tone la rangi ili aone kama konea ina kidonda, kisha akupe dawa ifaayo.

Huna haja ya kuung'oa ua wako. Utunze, lakini kila unapotaka kuupunguza, maji yatangulie panga.