Fisi Maji Anakula Kiasi Gani cha Samaki Wetu?

Mvuvi wa Guta, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, anayetega makila (nyavu za kutega) jioni na kuyaopoa alfajiri ana kila sababu ya kumchukia fisi maji. Anavuta wavu, anakuta sato amebaki kichwa, mwingine amenyofolewa tumbo, na pembeni pana tundu ambalo ngumi inapita. Samaki huyo hauziki, na wavu uliochanika unataka uzi, muda na fundi. Mtu anayekwenda mwaloni kumwambia kwamba mnyama huyo hana madhara hajui maisha ya pale. Lakini mvuvi huyohuyo anapoendelea kusema kwamba samaki wa Ghuba ya Speke wamepungua kwa sababu ya fisi maji, hapo namkatalia. Ubishi huu unasikika kwenye mialo mingi ya ziwa, na umekuwa mgumu kwa sababu wabishi wanachanganya maswali mawili: nani ameharibu wavu wangu, na nani amemaliza samaki wa ziwa.

Tumjue kwanza mtuhumiwa. Kanda hii ina fisi maji wa aina mbili. Asiye na kucha ni mkubwa, kilo 10 hadi 20, na chakula chake kikuu ni kaa anaowapapasa kwa vidole kwenye matope na chini ya mawe. Mwingine ni yule wa shingo ya madoa, mwenye ngozi kati ya vidole na kucha kali. Huyu ana kilo 3 hadi 6 tu, na urefu wake pamoja na mkia ni kama mita moja. Ndiye anayeishi kwa samaki, na kesi ya makila ni yake.

Fisi maji wa shingo ya madoa huwinda kwa macho, kwa hiyo anahitaji maji maangavu. Ghuba ya Speke haina kina kirefu, na mvua zikinyesha mito ya Grumeti na Mbalageti huimwagia udongo. Katika maji ya namna hiyo, samaki anayetapatapa wavuni, asiyeweza kukimbia, ni chakula cha bure. Naamini hiyo ni sababu kubwa ya mnyama huyu kuzoea nyavu zilizotegwa karibu na matete na mawe anakopumzika.

Sasa tuhesabu. Fisi maji kwa kawaida hula kwa siku chakula cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mwenye kilo 4, basi, anahitaji gramu 400 hadi 600. Kundi la watano litakula kilo mbili hadi tatu. Na anapojiwindia mwenyewe, samaki anaowakamata wengi hawafiki sentimita 20. Watafiti hulijua hilo kwa kuchambua kinyesi ambacho mnyama huyu hukiacha juu ya mawe, palepale mara kwa mara, kikiwa kimejaa miiba, magamba na maganda ya kaa. Mwaka 1963, mtafiti Procter alichapisha maelezo ya maisha ya fisi maji wa Tanganyika, na katika Ziwa Victoria la wakati huo chakula chake kilikuwa hasa furu, samaki wadogo waliojaa kila kona ya ziwa.

Mwaka 1990 Hans Kruuk na P. C. Goudswaard walichapisha utafiti juu ya jinsi mabadiliko ya samaki wa ziwa hili yalivyoathiri chakula cha fisi maji. Kruuk ndiye aliyejenga jina lake miaka ya 1960 kwa kuwachunguza fisi wa nchi kavu katika Serengeti, hifadhi ambayo mpaka wake wa magharibi hauko mbali na Guta. Alirudi kwenye ziwa lililokwisha kugeuka. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, alikuwa ameenea kote katika miaka ya 1980, na furu walikuwa wameporomoka. Kati ya aina zao zipatazo 500, makadirio ya watafiti ni kwamba kama 200 zilitoweka. Baadhi zimeanza kurudi tangu sangara alipovuliwa sana.

Sangara mkubwa huweza kupita kilo 100, na kila gramu ya uzito huo imetokana na kula viumbe wengine wa ziwani. Sisi wanadamu nasi tunatoa katika Ziwa Victoria karibu tani milioni moja za samaki kwa mwaka, dagaa wakiwa sehemu kubwa. Ukiweka kilo mbili au tatu za kila siku za kundi la fisi maji kando ya hesabu hiyo, hazionekani. Ukitafuta waliomaliza samaki wa ghuba, anza na kokoro linaloburutwa kwenye maji mafupi ambako sato hutengeneza mazalio yake, na nyavu za timba zinazokamata wachanga.

Hata hivyo, wastani wa ziwa zima haumlipi mvuvi mmoja. Fisi maji hawakusambaa sawasawa. Kundi likiweka makao karibu na mwalo fulani, watu walewale wachache ndio wanaopata hasara usiku baada ya usiku. Hapo malalamiko yao ni ya haki, na wahifadhi wanaojibu kwa takwimu za ziwa zima wanajibu swali ambalo hawakuulizwa.

Lakini si kila tundu la wavu ni la fisi maji. Kenge, mamba na mnandi wote hufuata samaki walionaswa, na kamongo ana meno ya kukata kama koleo. Kabla ya kuhukumu, angalia ufukweni: fisi maji hula samaki mdogo akiwa bado majini, ila mkubwa humburuta hadi nchi kavu, na huko huacha mabaki, nyayo na kinyesi chenye magamba.

Kisiwa cha Rubondo, ndani ya ziwa hilihili, kinasaidia kuondoa hofu. Kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na uvuvi wa kibiashara hauruhusiwi. Ni mojawapo ya sehemu za Tanzania ambako fisi maji wa shingo ya madoa huonekana kirahisi mchana kweupe. Maji yanayokizunguka yanajulikana kama mazalio ya samaki, na wageni huenda huko kuvua sangara wakubwa kwa ndoano. Kama fisi maji angekuwa anamaliza samaki, pangekuwa pa kwanza kuwa patupu.

Uingereza wamebishana jambo hilihili. Fisi maji wa kwao walikaribia kutoweka katika sehemu kubwa ya nchi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ya dawa za kilimo kama dieldrin. Waliwindwa hadi mwaka 1978, uwindaji ulipopigwa marufuku England na Wales, na kufikia 2011 walikuwa wameonekana tena katika kila kaunti ya England. Wavuvi wa ndoano walipiga kelele, hasa wenye mabwawa ya samaki wakubwa aina ya carp waliolelewa miaka mingi, ambako samaki mmoja akiliwa ni hasara kubwa. Suluhisho lililoshika huko ni uzio: bwawa likizungushiwa uzio imara, na mnyama akanaswa ndani, mtu mwenye kibali humkamata na kumtoa akiwa hai.

Ghuba haizungushiwi uzio, lakini makila yanaweza kusogezwa mbali na mawe na matete yenye kinyesi kibichi, na yanaweza kuopolewa usiku wa manane badala ya kusubiri alfajiri. Kadiri samaki anavyokaa wavuni ndivyo wanyama wanavyopata nafasi. Kufanya hivyo kunamwokoa fisi maji pia, kwa maana yeye ni mnyama anayevuta hewa, na akinaswa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi. Kumwekea sumu au mtego bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na sumu iliyotiwa kwenye chambo haichagui nani ataimeza.

Ninachokihofia zaidi sasa ni vizimba. Ufugaji wa sato ziwani unakua haraka, na serikali imekuwa ikitoa mikopo kwa vikundi vya wavuvi ili waingie humo. Kizimba ni samaki wengi waliobanwa mahali pamoja, yaani kinafanana zaidi na bwawa la Uingereza kuliko na makila ya Guta, na mfugaji mwenye mkopo mgongoni hatakuwa na subira na mnyama anayetoboa wavu wake. Wavu wa pili wa nje, mzito na uliokazwa vizuri, uingizwe kwenye bajeti ya kizimba tangu siku mkopo unapoombwa, kabla samaki hawajawekwa majini.