Kabla ya Super Mario, Nintendo iliuza karata: Jengo lake la zamani sasa ni hoteli

Ukitaja Nintendo, wengi wanawaza Super Mario na gemu za kwenye TV. Lakini kampuni hiyo ilianza mwaka 1889, miaka mingi kabla TV haijafika sebuleni kwa mtu yeyote. Biashara yake ilikuwa karata.

Jengo lililokuwa makao yake makuu mjini Kyoto, Japan, bado limesimama. Lilijengwa mwaka 1930, na tangu Aprili 2022 ni hoteli ya vyumba 18 inayoitwa Marufukuro.

Karata zilifikaje Japan?

Zililetwa na Wareno katika karne ya 16. Kwa Kireno, karata ni "carta". Wajapani wakalichukua neno hilo wakaliita "karuta". Sisi huku pwani ya Afrika Mashariki tulikutana na Wareno haohao, tukasema "karata".

Hata majina ya alama zetu yametoka huko: shupaza, kopa, uru na pau. Kwa hiyo Mswahili na Mjapani, bila kujuana, wamebeba neno moja kwa miaka zaidi ya 400.

Baadaye watawala wa Japan walizipiga marufuku karata za kigeni kwa sababu ya kamari. Wachezaji hawakukata tamaa. Kila aina ilipopigwa marufuku, ilibuniwa nyingine. Mwishowe zikaja hanafuda, karata 48 zisizo na namba, zenye picha za maua na miti ya miezi 12 ya mwaka.

Serikali ilipolegeza masharti mwishoni mwa karne ya 19, Fusajiro Yamauchi akafungua duka Kyoto la kutengeneza na kuuza hanafuda. Hiyo ndiyo Nintendo.

Jengo lenyewe lilikuwa na nini?

Lilikuwa ofisi, ghala na nyumba ya familia ya Yamauchi, vyote sehemu moja. Yaani bosi alitoka kitandani akaingia kazini bila kupanda gari. Mtindo wake ni ule wa Art Deco uliokuwa unatamba duniani miaka ile: mistari iliyonyooka, madirisha marefu, vyuma vyenye nakshi.

Nintendo ilihamisha makao yake mwaka 1959. Jengo likabaki mikononi mwa familia, milango imefungwa. Kwa miaka mingi wapenzi wa gemu walikwenda kupiga picha nje tu, kwenye kibao cha zamani pale mlangoni chenye jina la kampuni na neno "karuta". Kibao hicho bado kipo.

Kwa nini halikubomolewa?

Hapa ndipo penye mshangao. Japan si nchi inayohifadhi kila jengo la zamani. Kwa hesabu za kodi, nyumba ya mbao ya kuishi inahesabiwa kuwa na miaka 22 tu ya matumizi. Kinachobaki na thamani ni kiwanja, kwa hiyo mtu akinunua, mara nyingi anavunja na kujenga upya.

Kuna pia matetemeko ya ardhi. Kanuni za ujenzi zilikazwa mwaka 1981, na majengo ya kabla ya hapo mara nyingi yanahitaji kuimarishwa. Kazi hiyo ni ghali, na kwa wamiliki wengi kubomoa ndiyo nafuu.

Kyoto yenyewe ilinusurika Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa kwenye orodha ya miji iliyofikiriwa kupigwa bomu la atomiki, lakini Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, aliiondoa. Majengo mengi yaliyovuka vita hiyo yamekuja kumalizwa na bei ya viwanja.

Jengo la Nintendo lilipata bahati mbili: mwenye nyumba alikuwa familia yenye uwezo, na historia yake inavuta watu.

Nani amelitengeneza?

Usanifu ulisimamiwa na Tadao Ando, mmoja wa wasanifu majengo wakubwa duniani. Huyu bwana alizaliwa Osaka mwaka 1941, aliwahi kuwa bondia, na usanifu alijifunza mwenyewe bila kupitia chuo. Mwaka 1995 alipata tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika fani hiyo.

Majengo ya zamani yalibakizwa, likaongezwa moja jipya la zege, saini yake Ando. Jipya halijajifanya la zamani. Ukiangalia unaona wazi lipi la 1930 na lipi la juzi. Ndani, alama za karata zimetumika kama mapambo, na mgahawa wa hoteli unaitwa "carta.", neno lilelile la Wareno.

Ukienda utamkuta Mario?

Hapana. Hoteli haiendeshwi na Nintendo. Kuna maktaba ndogo inayogusa historia ya kampuni, lakini usitarajie gemu kila chumba.

Lawama kwa miradi ya aina hii ni kwamba jengo linaokolewa, ila mlango unafunguka kwa mwenye pesa tu. Hoja hiyo ina uzito, maana hii ni hoteli ya kifahari. Upande wa pili, jengo lisilo na kazi halina wa kuliziba paa likivuja. Wageni wanaolala ndio wanaolipia matengenezo.

Anayetaka historia ya gemu zenyewe aende Uji, mji jirani. Nintendo ilifungua makumbusho yake huko Oktoba 2024, ndani ya kiwanda chake cha zamani. Na kwa Marufukuro, kusimama nje na kupiga picha ya kibao bado ni bure.