Shilingi ya barabara ifike mtaani

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, kila masika yanapoingia, swali moja hurudi midomoni mwa watu, kuanzia kituo cha daladala mpaka barazani kwa mjumbe wa shina: "Fedha za barabara tunalipa, mbona mtaani kwetu hakupitiki?" Ni swali la haki. Anayeuliza mara nyingi hujibiwa kwa ahadi, au huambiwa kwamba fungu halijafika. Wiki hii tulitazame swali hilo kwa utulivu. Tuifuate shilingi ya barabara tangu inapotoka mfukoni mwa mwananchi hadi pale greda linapowashwa.

Tuanze na ile ada ambayo wenye magari wa siku nyingi wanaikumbuka vizuri. Mpaka mwaka 2017, kila mwenye gari hapa Tanzania alitakiwa kulipa ada ya leseni ya gari kila mwaka. Kiwango kilitegemea ukubwa wa injini, na aliyelipa alipewa stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Stika hiyo ilikuwa ushahidi. Askari wa usalama barabarani aliitazama kwanza, salamu zikafuata baadaye.

Ada hiyo ilikuwa na uzuri wake. Mlipaji alijua amelipa kiasi gani, lini, na kwa jambo gani. Alipopita kwenye shimo alikuwa na karatasi mkononi ya kudai haki yake. Lakini ilikuwa na ubaya wake pia. Ilihesabu gari, haikuhesabu safari. Gari lililolala gereji mwaka mzima likisubiri injini lilidaiwa sawa na lile linalozunguka mjini tangu alfajiri hadi usiku. Deni lilipanda mwaka hadi mwaka, na adhabu juu yake. Wako waliorithi gari bovu la marehemu, wakajikuta wamerithi na deni lake. Na kule vijijini, ambako ofisi ya mapato iko mbali, vyombo vingi vilitembea bila kulipa chochote.

Ndipo mwezi Juni 2017, Waziri wa Fedha na Mipango wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipolitangazia Bunge kwamba ada ya mwaka ya leseni ya magari inafutwa. Badala yake, ushuru wa bidhaa kwenye mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wenye magari walishangilia, na walikuwa na sababu. Gari lisilotembea halinywi mafuta, na lisilokunywa mafuta halilipi. Ukusanyaji nao ukawa rahisi, kwa kuwa mafuta huingia nchini kwa bandari chache na kodi hudaiwa hapo hapo mwanzoni. Hakuna tena haja ya kufukuzana na gari moja moja barabarani.

Hebu tupige hesabu ndogo. Mwalimu mwenye gari dogo anayeweka lita 20 kwa wiki hulipa, kwa ile shilingi 40, shilingi 800 kwa wiki, yaani shilingi 41,600 kwa mwaka. Daladala inayokunywa lita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hulipa shilingi 360,000. Hapo mtu atasema haki imetendeka, maana anayetumia barabara zaidi ndiye anayelipa zaidi. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Tukumbuke tu kwamba mwenye daladala hazitoi fedha hizo mfukoni mwake peke yake. Abiria anayening'inia mlangoni naye anachangia kupitia nauli.

Sasa njoo kwa yule mama anayewasha kibatari. Yeye hana gari wala pikipiki. Akinunua lita moja ya mafuta ya taa kwa wiki, mwisho wa mwaka amelipa shilingi 2,080 kwa ile nyongeza iliyochukua nafasi ya leseni ya magari. Kwa nini mafuta ya taa yaliingizwa? Tangu mwaka 2011 Serikali imekuwa ikikaribisha kodi ya mafuta ya taa na ile ya dizeli, ili kuzuia uchakachuaji. Mafuta ya taa yakiwa rahisi mno, wako watu watayachanganya na dizeli, na magari yatakufa. Sababu hiyo ina uzito wake. Lakini hapana budi tuseme wazi kwamba mwenye kibatari amebebeshwa sehemu ya mzigo wa mwenye gari, na kwa hiyo naye ana haki kamili ya kuuliza habari za barabara.

Msikilizaji, hapa ndipo pa kutega sikio. Mafuta yanapotozwa, fedha hazipiti mlango mmoja. Upo ushuru wa bidhaa, ambao huingia Mfuko Mkuu wa Serikali na kutumika kwa mambo yote: mishahara, dawa, shule, ulinzi, na barabara pia ikipangwa hivyo. Halafu iko tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara, ambayo kwa sheria ina mfuko wake. Zile shilingi 40 za mwaka 2017 ziliwekwa kwenye mlango wa kwanza, ule wa ushuru wa bidhaa. Stika ilipotoka kwenye kioo, mlipaji alipumua, lakini jina la barabara nalo lilibanduka.

Huo mfuko wa barabara ulitokana na nini? Katika miaka ya 1980 barabara za Afrika zilikuwa zimechakaa vibaya. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 1988 iliyoangalia nchi 85 zinazoendelea, ilisema kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilipotea kwa kukosa matengenezo ambayo yangegharimu chini ya dola bilioni 12. Wahenga wetu walilisema jambo hilo kwa maneno machache: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo lilikuwa kwamba fedha za matengenezo zilikaa kapu moja na mambo mengine, na kila palipotokea dharura barabara ndiyo iliyosubirishwa. Shimo halipigi kelele kama mgonjwa.

Kwa hiyo nchi nyingi zilianzisha mifuko maalumu. Kwetu, mwaka 1998 Bunge lilirekebisha sheria ya tozo za barabara na mafuta, likaunda Mfuko wa Barabara wenye Bodi yake. Mwaka 2000 ikaja TANROADS kusimamia barabara kuu na za mikoa. Mgawo uliozoeleka ulikuwa asilimia 70 kwa barabara hizo kubwa, na asilimia 30 kwa barabara za halmashauri. Mwaka 2017 barabara za halmashauri zikakabidhiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA.

Linganisha na urefu wa barabara zenyewe. TANROADS wanasimamia zaidi ya kilometa 36,000. TARURA wana zaidi ya kilometa 144,000. Kwa lugha nyepesi, kwa kila kilometa moja ya barabara kubwa ziko karibu nne za mtaa na kijiji, na nyingi kati ya hizo nne ni za udongo. Ni kweli kwamba kilometa moja ya lami inayobeba malori ya kwenda Tunduma ina gharama kubwa kuliko njia ya kwenda shambani. Hata hivyo, mtu haanzi safari kwenye barabara kuu. Mama mjamzito, gunia la mahindi na mtoto wa shule wote huanzia mtaani.

Hilo lilionekana Bungeni mwaka 2021. Wabunge, mmoja baada ya mwingine, walilia na barabara za vijijini na mijini. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, aliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, akieleza kwamba fedha hizo ni kwa ajili ya barabara za TARURA. Bajeti ya wakala huo ikapanda zaidi ya mara mbili katika mwaka mmoja. Nyongeza hiyo iliuma, na wanaouma meno pampuni walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini tofauti na zile 40, hizi 100 zilikuwa na jina. Mbunge aliweza kuuliza zimekusanywa ngapi, zimepelekwa ngapi, na jimboni kwake zimefanya nini.

Wenzetu wamefanyaje? Katika jimbo la Washington, Marekani, sheria inauruhusu mji kuunda eneo maalumu la usafiri na kutoza dola 20 kwa mwaka kwa kila gari, kwa uamuzi wa baraza la mji, fedha zikibaki kutengeneza njia za mji huo huo. Seattle ilianza kutoza mwaka 2011. Utaratibu huo haukukosa wapinzani. Mwaka 2019 wapiga kura wa jimbo zima walipitisha pendekezo la kushusha ada za magari, ila Mahakama Kuu ya jimbo ikalibatilisha Oktoba 2020. Ubishi umekuwa mkali, lakini kila mtu alijua anabishania dola ipi na inatengeneza mtaa upi.

Jirani zetu wa Kenya nao walijaribu kurudi kwenye gari. Muswada wa fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi za huko 5,000 wala kuzidi 100,000. Wananchi walikataa, na Juni 2024 pendekezo likaondolewa. Mwezi uliofuata, tozo ya matengenezo ya barabara kwenye mafuta ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Serikali nyingi hufanya hivyo, maana kodi ya pampuni haina karatasi ya kuchanwa hadharani.

Lakini je, pampu inamtoza kwa haki anayeharibu barabara? Si kikamilifu. Wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa huko Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960, wakagundua kwamba uharibifu hupanda kwa kasi ya ajabu uzito wa ekseli unapoongezeka. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio hayo, ekseli yenye uzito mara mbili huharibu kiasi cha mara 16. Lori la mchanga lenye mzigo kupita kiasi linaponyoosha kona kuingia mtaani, halinywi mafuta mara 16 ya lori lenye nusu ya uzito huo. Kwenye barabara kuu liko mzani. Mtaani mzani haupo, iko mitaro iliyojaa taka na kalavati lililoziba. Maji yakikosa njia hupita juu ya barabara na kuingia chini yake, gurudumu zito likifuata kazi imekwisha.

Na kuna jambo linalokuja mbele yetu. Pikipiki, bajaji na magari ya umeme yameanza kuonekana. Ni mema kwa hewa na kwa mfuko wa mwenye chombo, ila gari la umeme halinunui lita hata moja. Likiongezeka, tozo ya mafuta itapungua wakati barabara zinahitaji zaidi. Siku moja itabidi tutazame upya suala la ada ya gari lenyewe. Siku hiyo isitukute tumesahau tulichojifunza.

Tulichojifunza ni hiki. Njia ya kukusanya, iwe stika au pampu, ina faida na hasara zake, na watu wenye akili timamu wanaweza kutofautiana. Lisilofaa ni fedha kukusanywa kwa jina la barabara kisha jina likaachwa njiani. Mwananchi hatakiwi kuwa mhasibu ndipo ajue shilingi yake imekwenda wapi.

Kwa hiyo, kwanza, kila nyongeza inayohalalishwa kwa barabara iingie Mfuko wa Barabara, isichanganywe na kapu kubwa. Pili, meneja wa TARURA wa wilaya abandike kwenye ofisi ya kata, kwa Kiswahili chepesi, fedha zilizofika robo mwaka hii, barabara zilizopangiwa kazi na mkandarasi aliyepewa. Karatasi moja inatosha. Tatu, nasi wenyewe tuihudhurie mikutano ya mtaa na kuuliza kwa majina: barabara fulani, kutoka wapi hadi wapi, shilingi ngapi. Na tukitoka hapo, tusitupe taka kwenye mtaro, maana greda likiondoka maji hayaulizi nani kalipa.

Stika ilikuwa kikaratasi kidogo, lakini ilimpa mlipaji sauti. Imeondoka, na pengine vema. Sauti isiondoke nayo. Kila anayenunua lita ya mafuta, na kila anayelipa nauli, ni mlipaji wa barabara, na ana haki ya kujibiwa.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.