Kioo cheusi: kompyuta imekufa ao imelala?

Ni katibu gani wa parokia hajaona jambo hili? Anaandika ripoti, anasimama kidogo kupokea mgeni, na akirudi anakuta kioo cha kompyuta ni cheusi. Wengi hufinya mara moja kifungo cha kuwashia. Tusifanye hivyo: kazi ambayo haijahifadhiwa inaweza kupotea.

Mara nyingi kompyuta ni nzima. Imepangwa kuzima kioo isipoguswa kwa dakika kadhaa, ili isitumie umeme bure. Tikisa kipanya. Kioo kikirudi, badilisha mpangilio: katika Windows 10 ya Kifaransa fungua Paramètres, Système, kisha Alimentation et mise en veille. Penye kioo, chagua Jamais.

Kisiporudi, angalia taa yake ndogo. Haiwaki? Kagua waya wa umeme. Inawaka? Kaza waya unaotoka kwenye kompyuta. Na kama kinazimika hata wakati unaandika, anza na waya hizo, si mpangilio.

Kama nyimbo za ibada zinaonyeshwa ukutani, jaribuni haya Jumamosi, msingoje Jumapili mbele ya kusanyiko.