Motokaa ya Petroli na Umeme: Je, Inamfaa Mfanyakazi?



Siku hizi katika Kasese kuna maneno mengi juu ya motokaa zinazotumia petroli na umeme pamoja. Wauzaji wanasifu bei yake, wanasifu umbo lake la jipu, na wanasema hainywi mafuta. Kikundi kimoja cha akiba kimetuletea swali. Wanachama wake ni wafanyakazi wa kiwandani pamoja na jamaa zao wavuvi wa Hamukungu. Wamechanga kwa muda mrefu. Wanataka gari la kuwapeleka watu Kasese na Bwera kwa nauli, na mwuzaji amewaonyesha gari la namna hiyo lililokwisha tumika Japani. Je, walinunue?

Swali hili tumelichukua kwa uzito kwa sababu pesa ile ni jasho. Kiwango cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, lakini Rais hakuutia sahihi. Petroli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita, shilingi 6,000 hununua lita moja na kubakiza chenji kidogo. Mtu anayeweka akiba katika hali kama hii hawezi kuitupa kwa maneno matamu ya mwuzaji. Kwa hivyo tumekaa, tumepiga hesabu, na tunawaeleza wote.

GARI HILI NI LA NAMNA GANI

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu wanayachanganya. Kuna gari la umeme mtupu, ambalo halina injini ya petroli kabisa. Kuna haibridi ya kawaida, kama Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997. Hiyo ina betri ndogo, inajichaji yenyewe ikitembea na ikifunga breki, na haina waya wa kuchomeka. Halafu kuna haibridi ya kuchomeka. Hii ina betri kubwa zaidi, nawe unaichomeka ukutani usiku kama unavyochomeka simu. Asubuhi inatembea kwa umeme. Umeme ukiisha, injini ya petroli inashika kazi.

Katika umbo la jipu, gari la namna hii linalojulikana sana ni Mitsubishi Outlander PHEV, lililoanza kuuzwa Japani Januari 2013. Lile la kwanza lina injini ya petroli ya lita 2, mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na betri ya uniti 12 chini ya sakafu. Kwa kipimo cha Japani, likiwa jipya, lilitembea karibu kilomita 60 kwa umeme peke yake. Magurudumu yote manne yanavuta. Likishuka mlima linarudisha umeme kidogo ndani ya betri. Hayo yote ni kweli, na ni kazi nzuri ya mafundi.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya wageni tu. Vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Mwaka 2014 walionyesha Kiira EV SMACK, ambalo ni haibridi. Mwafrika anaweza kulitengeneza gari hili. Sisi tunauliza jambo lingine: litamfaa nani, na wapi?

FAIDA IKO KWENYE WAYA

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Tuseme petroli ni shilingi 5,000 kwa lita, na umeme ni shilingi 800 kwa uniti. Wewe weka bei ya siku yako. Tuseme pia kwamba betri imezeeka, maana gari limetumika miaka kumi na zaidi. Halitembei tena kilomita 60 kwa umeme. Linatembea kilomita 30, na kulijaza kunakula uniti 8.

Kilomita 30 kwa umeme: uniti 8 mara shilingi 800, ni shilingi 6,400.

Kilomita 30 kwa gari la kawaida la ukubwa huo, linalokwenda kilomita 10 kwa lita: lita 3, ni shilingi 15,000.

Hapo umeokoa shilingi 8,600 kwa siku. Ukichaji siku 25 kwa mwezi, ni shilingi 215,000. Si pesa ya kudharau.

Sasa tuseme huchaji. Gari hilo hilo linatembea kwa petroli tu, nalo linabeba betri na mota zake, mzigo wa kilo mia kadhaa. Tuseme linakwenda kilomita 12 kwa lita. Kilomita 30 zinakula lita 2 na nusu, yaani shilingi 12,500. Umeokoa shilingi 2,500 tu kwa siku, au shilingi 62,500 kwa mwezi. Pesa hiyo itaishia kwa fundi kabla haijafika nyumbani.

Mnaona, ndugu? Faida ya gari hili iko kwenye waya. Asiye na pahali pa kulichomeka kila siku amelipia betri asiyoitumia. Kwa hivyo kabla hujamwuliza mwuzaji bei, jiulize: nitalichomeka wapi, usiku upi, na kwa mita ya nani?

TUIPELEKE HESABU HAMUKUNGU

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Kutoka hapo kwenda Kasese na kurudi ni zaidi ya kilomita 40. Kutoka Kasese kwenda Bwera ni zaidi ya kilomita 40 kwa upande mmoja tu. Gari la nauli halitembei mara moja kwa siku. Asubuhi linamaliza umeme kabla halijafika Kasese na kurudi, kisha siku nzima linakunywa petroli kama mengine. Kulijaza kwa soketi ya kawaida huchukua saa kadhaa. Likiwa jipya, kwa umeme wa voti 200, lilichukua kama saa 4. Je, abiria watangoja saa ngapi njiani?

Wengine wamesema watachaji kwa sola. Sola ipi? Bamba la wati 100, lile la kuwasha taa na kuchaji simu, kwa jua zuri linatoa kama nusu uniti kwa siku. Kujaza uniti 8 utangoja siku 16. Wengine wamesema jenereta. Jenereta inachoma petroli ili kutoa umeme wa kuokoa petroli. Hiyo ni sawa na kuuza ng'ombe ili kununua maziwa.

Halafu kuna mzigo. Gari hili lina viti vitano, dereva akiwamo. Abiria wa kulipa ni wanne. Taksi ya kawaida inachukua watu 14. Mvuvi naye anakuja na samaki, mfugaji anakuja na madebe ya maziwa. Je, samaki watapanda wapi?

Kuna jambo moja ambalo mwuzaji alilitaja kwa haki. Ndani ya mbuga si vizuri kukwama usiku, na haibridi ina petroli ya kukurudisha nyumbani, tofauti na gari la umeme mtupu. Ni kweli. Lakini hata gari la petroli tupu lina petroli ya kukurudisha nyumbani, nalo likiharibika, fundi wa kando ya barabara analijua.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUTOA PESA

Hata hivyo hatusemi kwamba gari hili halimfai mtu yeyote. Mfanyakazi mwenye nyumba Kasese mjini, mwenye mita yake ya Yaka, anayekwenda kazini Hima karibu kilomita 20 na kurudi jioni, huyo hesabu yake ni nyingine. Akichaji kila usiku, sehemu kubwa ya safari yake itakuwa ya umeme. Kwake tunasema: pima mambo haya kwanza.

Betri. Usikubali kuambiwa kwamba betri ni nzima. Lijaze mpaka mwisho, hesabu uniti zilizotoka kwenye mita, kisha liendeshe kwa umeme mpaka petroli iingie, ukiandika kilomita. Mwuzaji akikataa jaribio hilo, usiache dipositi. Betri mpya inaweza kumeza akiba ya miaka kadhaa.

Waya. Magari mengi yaliyotumika hufika bila waya wake wa kuchajia, au hufika na waya wenye kichwa cha Kijapani. Uliza waya kabla ya kulipa. Na soketi yako ifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni. Gari hili linavuta kama wati 3,000 kwa saa nyingi mfululizo. Waya mwembamba wa kuunganisha redio utaungua, na nyumba pamoja nao.

Soketi ya ndani. Baadhi ya magari haya yana soketi ya wati 1,500, na wauzaji wanasema utaendesha friji ya samaki. Soketi hiyo ni ya voti 100 za Japani. Friji ya kwetu inataka 240.

Umri. Mwaka 2018 sheria ilikataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 tangu kutengenezwa, na gari kuukuu hutozwa kodi ya mazingira juu ya kodi nyingine. Hakikisha kwamba bei unayoambiwa ni ya gari lililokwisha lipiwa kodi zote, wala si bei ya Mombasa.

Fundi. Betri hii ina voti 300. Nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa ili mtu ajue ni za hatari. Fundi mwenye spana na tochi asiziguse kama hajafundishwa, maana umeme huo unaua. Mafundi wetu wa gereji ni wafanyakazi kama sisi. Anayewapelekea gari hili bila mafunzo na bila glavu za umeme anawaweka katika hatari, na chama hakiwezi kunyamaza juu ya hilo.

RIBA INAKULA USIKU NA MCHANA

Wengi wetu hatununui kwa pesa taslimu. Tunakopa, na mkopo unakatwa kwenye mshahara. Basi tutazame riba. Tuseme gari la petroli na umeme limezidi gari la kawaida kwa shilingi milioni 15, nawe umekopa hizo milioni 15 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 300,000. Umeme umekuokolea 215,000. Umepata hasara ya 85,000, na deni lenyewe hujaligusa hata shilingi moja.

Kama tofauti ya bei ni milioni 5 tu, riba ya mwezi wa kwanza ni 100,000. Hapo 215,000 inalipa riba na kupunguza deni, na kabla ya miaka mitatu kwisha utakuwa umemaliza. Lakini kumbuka kwamba muda wote huo betri inazidi kuzeeka.

KAZI YA CHAMA

Ndugu, jambo hili si la mnunuzi mmoja mmoja tu. Maji ya mto Mubuku yanatoa umeme hapa hapa kwetu tangu enzi za shaba ya Kilembe. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilifunguliwa rasmi mwaka 2024. Petroli inatoka ng'ambo, inapanda kutoka Mombasa, na kila mkono inaopitia unaongeza bei. Umeme wa mito yetu unaweza kumpunguzia mfanyakazi gharama za usafiri. Lakini tazameni pikipiki za umeme za Kampala: wenye kampuni waliweka kwanza vituo vya kubadilishia betri, ndipo dereva akaweza kufanya kazi. Soketi ilikuja kabla ya gurudumu.

Kwa hivyo tunapendekeza matawi yote, katika viwanda na katika mashamba, yaingize mambo mawili katika mazungumzo na waajiri. La kwanza ni usafiri wa kazini, hasa kwa wenzetu wa zamu ya usiku. Basi moja la kampuni linasaidia watu wengi kuliko magari kumi ya mkopo. La pili ni soketi salama kwenye uwanja wa kuegesha, yenye mita yake, ili mfanyakazi mwenye pikipiki au gari la umeme achaji wakati wa zamu na kulipa bei halali ya uniti. Mwenye kiwanda tayari ana nyaya nene, ana fundi wa umeme na ana mlinzi. Gharama yake ni ndogo.

Na kikundi cha Hamukungu tumekijibu hivi: gari hili msilinunue. Kwa kazi ya nauli, kwa njia ile, na bila pahali pa kuchaji kila siku, litakula akiba yenu. Tafuteni gari la kawaida la kubeba watu na mizigo, ambalo spea zake zinapatikana Kasese na ambalo fundi wenu analifahamu, tena mlinunue bila kukopa zaidi ya mnachoweza kulipa katika msimu mbaya wa samaki.

Wengine wenye swali kama hili waje kwa katibu wa tawi na vitu vitatu: bei ya gari pamoja na kodi, kilomita za safari yao ya kila siku, na bei ya uniti kwenye mita yao. Tutakaa mezani na kuhesabu pamoja kabla mtu hajatia sahihi karatasi ya mkopo.