Bei ya Bunda kwenye jina la Musoma: ombi la fetch linapochelewa

Nilitengeneza ukurasa mdogo wa bei za dagaa wakavu. Unagusa jina la soko, Musoma, Bunda au Butiama, bei inatokea. Kwenye kompyuta yangu ulifanya kazi safi kabisa. Shangazi yangu, ambaye hununua dagaa kwa gunia, akaufungua kwa simu akiwa safarini, mtandao unapanda na kushuka. Akagusa Bunda, akabadili mawazo, akagusa Musoma. Jina likasomeka Musoma, bei ikawa ya Bunda! Bahati nzuri bei anazijua kichwani. Asingezijua, hasara ingekuwa yake na kosa langu.

Kumbe tatizo halikuwa mtandao. Lilikuwa namna nilivyousubiri.

Ombi la `fetch` ni kama kumtuma bodaboda Mwigobero akuletee sato. Husimami mlangoni mpaka arudi, unaendelea na kazi zako. Akiondoka anakuachia neno tu: "Nitarudi." JavaScript nayo inakupa ahadi, inayoitwa Promise. Ndiyo maana ukiandika hivi:

`let bei = fetch("/bei/musoma");`

halafu ukaionyesha `bei`, utaona `[object Promise]`. Umeonyesha ahadi, sato bado yuko njiani. Neno `await` ndilo linalosema: subiri hapa kwanza, kazi nyingine ziendelee.

Mtego wa pili: bodaboda kurudi si sawa na kurudi na samaki. Seva ikijibu 404 au 500, `fetch` huhesabu kwamba jibu limefika, wala haipigi kelele. Lazima ufungue mfuko mwenyewe kwa kuangalia `jibu.ok`.

Mtego wa tatu ndio ulionikamata. Nilituma bodaboda wawili. Wa Bunda alitangulia kuondoka, wa Musoma akatangulia kurudi. Ukurasa ukaandika bei sahihi ya Musoma, kisha wa Bunda akafika kwa kuchelewa na kuifuta. Mpangilio wa kutuma hauleti ahadi yoyote kuhusu mpangilio wa kurudi.

Nililipataje? Nilibonyeza F12, nikafungua sehemu ya Network, nikapunguza kasi. Wapi! Maombi yote yalichelewa sawasawa, kwa hiyo mpangilio haukubadilika. Nikaiambia seva icheleweshe Bunda peke yake kwa sekunde 5. Hitilafu ikajitokeza papo hapo. Dawa ni kulipa kila ombi namba ya zamu:

```
let zamu = 0;
async function onyesha(soko) {
  const yangu = ++zamu;
  ubao.textContent = "Inatafuta...";
  const jibu = await fetch("/bei/" + soko);
  if (!jibu.ok) throw new Error(jibu.status);
  const data = await jibu.json();
  if (yangu !== zamu) return;
  ubao.textContent = soko + ": " + data.bei;
}
```

Jibu likirudi na kukuta zamu yake imepita, linanyamaza. Jina na bei navyo vinaandikwa kwa pamoja, kwa hiyo haviwezi kutofautiana. Hitilafu yenyewe uidake kwa `try` na `catch`, umwambie msomaji waziwazi kwamba bei haijapatikana.

Kitu kimoja zaidi: weka kikomo cha muda. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania nzima. Siku kama hiyo, ukurasa usio na kikomo unamwacha mtu akitazama "Inatafuta..." bila kujua asubiri au aache. `AbortSignal.timeout(10000)` hukata ombi baada ya sekunde 10.

Kwa hiyo usiupime ukurasa wako kwenye mtandao mzuri tu. Chelewesha jibu moja kwa makusudi, gusa vitufe viwili harakaharaka, uone nani anashinda. Bei isiyoonekana inaudhi, lakini bei isiyo sahihi inamtia mtu hasara.